Mlango wa Mheshimiwa Kirumbizi

"Upige randa, jirani! Hata ubao mmoja tu!"

"Sipigi."

"Basi tia mafuta kwenye bawaba."

"Sitii."

"Na kesho ukikwama tena, nitapita wapi? Nitoke kwangu kwa kuruka kama kunguru?"

"Utatoka kama ulivyotoka mara ile."

"Mara ile nilikaa ndani siku tatu, Pandu! Siku tatu, kuku wangu wako nje wananitazama kama wamekuja kumwona mfungwa!"

Aliyekuwa akipiga kelele ni Bi. Siwatu, msusi wa mikeka, mwenyeji wangu kwa siku zote kumi na moja nilizokaa katika nchi ya Vitasani. Aliyekuwa akimjibu alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha la jikoni kwake, kofia imenyooka, ndevu nyeupe zimechanwa. Huyo ndiye Mheshimiwa Pandu Kirumbizi, mjumbe wa Baraza Kuu kwa miaka thelathini na sita. Mimi nilikuwa nimekaa barazani na sahani yangu ya mihogo magotini. Kwetu Ngamiani tumefunzwa kwamba ugomvi wa majirani haukatizwi. Mtu mwenye adabu anasogeza sahani karibu ili asikie vizuri.

Sasa lazima niwaeleze habari ya mlango.

Huko Vitasani mtu akitaka uongozi hapandi jukwaani wala habandiki picha yake ukutani. Anasimama mbele ya mlango wa nyumba yake, anatamka msimamo wake kwa sauti, na Karani wa Patasi, ambaye ni mtumishi wa serikali, anauchonga msimamo huo palepale mlangoni, herufi zenye kina cha kucha. Mlango ukijaa, unaongezwa ubao ubavuni. Kiongozi mwenye misimamo michache ana mlango kama wako na wangu. Mwenye misimamo mingi, mlango wake unapita fremu, unafunika ukuta, unakwenda kumsalimu jirani.

Wa Mheshimiwa Kirumbizi ulikuwa na mbao ishirini na tisa, mvule mtupu. Ulianzia kwenye bawaba zake upande wa kisima, ukapita mbele ya nyumba yake yote, ukaishia kwenye ngazi za Bi. Siwatu. Ukiwa umefungwa haumdhuru mtu. Ukiwa wazi kabisa, pia haumdhuru. Taabu ni pale unapokwama katikati, maana ncha yake inamziba Bi. Siwatu ngazini kama kifuniko cha chungu.

Na kukwama kulikuwa karibu, kwa sababu kila baada ya miaka sita inafika Siku ya Kufungua. Siku hiyo mjumbe aliyeshinda kura anasimama mbele ya watu wa mtaa, anashika pete ya mlango wake na kuuvuta mwenyewe, mpaka mtu aweze kupita. Akiweza, anarudi Barazani. Asipoweza, kiti kinakwenda kwa mshindani wake. Zamani ndugu na watoto waliruhusiwa kumsaidia. Aliyeifuta ruhusa hiyo ni Mheshimiwa Kirumbizi mwenyewe, katika kipindi chake cha pili, alipokuwa bado na mabega ya kubeba gunia mbili. Maneno yake yapo ubao wa nne: ANAYESAIDIWA KUFUNGUA HAFAI KUFUNGULIA WENGINE.

Nilimuuliza Bi. Siwatu, mtu huyu ni mtu gani? Bi. Siwatu hajampigia kura hata siku moja, tangu walipokuwa vijana. Lakini alinipa habari zake kwa raha, mkeka mapajani, kama mtu anayesimulia vituko vya shemeji yake.

"Alikuwa muuza chumvi na misumari, pale kwenye kona. Duka dogo, lakini linafagiwa mara tatu kwa siku. Ikaja kodi ya kivuli. Serikali inapima kivuli cha kila paa, unalipia. Pandu akapanda juu, akang'oa paa la duka lake. Akauza chumvi juani mwaka mzima, amekuwa mweusi kama sufuria, anasema afadhali niungue kuliko kulipia giza langu mwenyewe. Watu wakampeleka Barazani. Kodi ikafutwa. Hilo nampa. Sijampa kura, lakini hilo nampa."

Baada ya hapo akawa mtu wa ndiyo chache na hapana nyingi. Serikali ilipotaka kuhesabu marungu ambayo kila mwenye nyumba anayaweka nyuma ya mlango, alisimama siku mbili Barazani bila kukaa: RUNGU LANGU HALIHESABIWI. Walipoweka kigogo cha mti mbele ya duka lake ili apange foleni ya ukaguzi, alikisukuma mtaroni, kisha akaja kutamka mbele ya patasi: MTU ANA HAKI YA KUONDOA KINACHOZIBA NJIA YAKE. Mstari wa saba ndio alioupenda kuliko yote, na mtaa mzima wanaujua kwa moyo: SERIKALI ISIVUKE KIZINGITI CHANGU.

"Mwaka wa mafuriko," alisema Bi. Siwatu, na hapa sauti ilishuka, "alimbeba mama yangu mgongoni kutoka humu ndani, maji yako kifuani. Akarudi akabeba mbuzi. Akarudi akabeba na kile kifurushi changu cha ukili wa mikeka, nilikuwa nakililia. Kesho yake asubuhi, nguo hazijakauka, akaenda Barazani akapinga mashua za serikali. Kila nyumba ichote maji yake! Nilimtukana mpaka sauti ikakauka. Mpaka leo sijui nimshukuru au nimpige."

Kulikuwa na jambo moja lililonigusa mimi binafsi. Katika ubao wa kumi na nane kumechongwa: MGENI ASILE NDANI BILA CHETI. Nilipofika nilikwenda kwenye ofisi ya vyeti, kwa nia njema kabisa. Nikakuta kufuli lenye kutu. Ofisi ilifungwa miaka kumi na tano nyuma, kwa sababu Mheshimiwa Kirumbizi, baada ya kupitisha sheria ya vyeti, alipinga kuongeza makarani wa kuviandika. Serikali imenenepa, alisema. Basi sheria ipo na cheti hakipo, na wageni wote Vitasani wanakula nje. Hata waliojenga ua mrefu mpakani, ua wa kuzuia wageni, walikuwa wageni kutoka upande wa pili, na walilishwa juu ya vigoda, ng'ambo ya ua waliokuwa wakiujenga. Mimi niliyekulia nyumba ambayo sufuria haifunikwi mpaka aliyepita njiani aitwe, nilikula siku kumi barazani kama paka. Nilikasirika, sifichi.

Aliyeumia zaidi kwa mlango ule, lakini, si mimi wala Bi. Siwatu. Ni mkewe, Bi. Mwanamvua. Miaka sita nyuma Mheshimiwa aliuvuta kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi, ukakwama mara mbili, na alipofaulu ilibidi wanaume wanane waje siku ya tatu kuufunga. Tangu hapo haukufunguliwa. Mume na mke wanaingia na kutoka kwa dirisha la jikoni, kigoda ndani na kigoda nje. Na huko Vitasani mgeni wa heshima haingii dirishani. Dirishani wanapita wenye nyumba na wezi. Kwa hiyo miaka sita Bi. Mwanamvua hakukaribisha mtu. Alikuwa na masinia saba, nilielezwa, na yote yamening'inia ukutani kama picha za marehemu.

Nilizungumza naye dirishani, siku ya tisa. Mama mnene, ana macho ya kucheka.

"Kesho kutwa napika," aliniambia. "Pilau ya masinia yote saba."

"Na mlango usipofunguka, bibi?"

"Nitapika hata hivyo. Aibu ya chakula kubaki ni ndogo kuliko aibu ya mlango kufunguka na jikoni hakuna moto." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Yeye anataka kiti chake. Mimi nataka watu. Mungu akitupa kimoja, kila mmoja wetu anajua anachoomba."

Mshindani wake alikuwa Bwana Zubeiri, mtu wa makamo, mtanashati, mwenye mlango wa plaiwudi. Misimamo yake ilikuwa imeandikwa kwa chaki, na kando yake lilining'inia tambara lenye maji. Asubuhi aliandika mmoja, na baada ya kusikia wanasemaje kisimani akafuta akaandika mwingine. Mlango wake niliufungua kwa kidole kidogo, na upepo ukanisaidia kuufunga. Kila mtu Vitasani alijua kwamba Bwana Zubeiri atafungua. Nilimuuliza Mheshimiwa Kirumbizi kwa nini naye asipige randa mstari mmoja au miwili iliyopitwa na wakati, kwa kuwa sheria inaruhusu.

Alinitazama kutoka dirishani kana kwamba nimemwomba auze kaburi la baba yake.

"Mgeni, ule mlango si mbao. Kila herufi pale nililala nayo kabla sijaitamka. Nyingine zimenikosesha marafiki. Moja imenikosesha mtoto wangu wa kwanza, yuko ng'ambo, haandiki. Nikiifuta leo kwa sababu mgongo unauma, nitamwambia nini? Kwamba niligombana naye kwa chaki?"

Na nitasema kweli, pamoja na njaa yangu ya kula ndani kama watu, nilimwona mkubwa.

Siku ya kumi ilikuja kamati ya watu watano kutoka Baraza kujadili mafuta. Kila mjumbe anayefungua anapewa na serikali kijiko kimoja cha mafuta ya bawaba. Mheshimiwa Kirumbizi alikwisha kuyapinga mafuta hayo mara kumi na moja, na sasa aliyakataa kwa maandishi. Kamati ikajiuliza, je, mtu anaweza kukataa haki yake? Wakakaa uani saa tatu. Mmoja akasema kuyakataa ni kuidharau serikali. Mwingine akasema kumlazimisha ni kuvuka kizingiti. Wa tatu akauliza iwapo jasho la mgombea likidondokea kwenye bawaba litahesabiwa kuwa mafuta, na kama ndiyo, ni mali ya nani. Hoja hiyo iliwapendeza sana, wakaiandika. Mwishowe waliamua kwamba kijiko kiwekwe juu ya ukuta, mahali ambapo mgombea anaweza kukiona asikiguse. Mwenyekiti, mzee mmoja mwembamba, alisaini, wakaenda zao wameridhika. Siafu na sisimizi waliyamaliza mafuta kabla ya magharibi.

Siku ya Kufungua mtaa ulijaa mpaka juu ya mapaa. Lo, nilisikia raha! Siku kumi sijaona watu wamebanana hivyo. Kila mtu ana lake. Huyu anasema mzee hafiki hata shubiri, yule anasema mmemsahau mwaka wa kivuli, wanawake wa kisimani wanapima mgongo wake kwa macho kama wanunua ng'ombe. Na kutoka ndani, kwenye nyufa za mlango, inatoka harufu ya bizari na vitunguu vilivyokaangwa vikakolea. Mazungumzo yalikuwa yakikatika yenyewe kila upepo ulipogeuka.

Mheshimiwa Kirumbizi alitoka dirishani kwa kigoda, akajifuta mikono, akavua koti. Alikuwa na miaka sabini na minne. Karani wa Patasi, mtu mrefu aitwaye Mjaka, akasoma maneno ya sheria: "Afungue kwa mkono wake, bila mkono wa mwingine."

Mzee akashika pete. Akavuta.

Bawaba zikalia, sauti ya kitu kilichosahauliwa, na ncha ya mlango ikaachana na ukuta. Watu wakapiga kelele hata wale wa Bwana Zubeiri. Mlango ukaja, ukaja, ukavuka ngazi ya kwanza ya Bi. Siwatu. Halafu kona ya chini ikazama mchangani na ukasimama. Uwazi penye fremu ulimtosha paka. Mtu hapiti.

Alivuta tena. Akabadili mguu. Mishipa ya shingo ikatoka kama kamba. Jasho likadondoka kwenye mchanga, mbali na bawaba, na mwanakamati aliyeleta hoja ya jasho akaonekana kuvunjika moyo. Robo saa. Nusu saa. Hakuna aliyecheka. Bwana Zubeiri mwenyewe alitazama chini. Mzee akawa rangi ya zambarau, lakini pete haiachii, na nikaelewa kwamba haachii kabisa, kwamba mtu huyu atafia pale huku ameshika pete kabla hajasema nimeshindwa.

"Pandu," ilisikika sauti ya mkewe kwenye ule uwazi, taratibu. "Pandu, mume wangu, inatosha."

"Haijatosha."

Hapo ndipo Bi. Siwatu alipotokea mlangoni kwake. Ncha ya mlango ilikuwa imemziba, mbele ukuta wa mvule, nyuma nyumba yake. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni.

"Karani!" aliita. "Nisomee ubao wa tisa."

Mjaka akasoma, kwa sauti ya kazi: "Mtu ana haki ya kuondoa kinachoziba njia yake."

"Nani kasema?"

"Mheshimiwa Kirumbizi."

"Vizuri. Mimi simsaidii mtu, na asithubutu mtu kuniambia nimemsaidia Pandu Kirumbizi, maana tutagombana mpaka Kiyama. Mimi natoka kwangu, naenda kisimani."

Akaweka bega kwenye ncha ya mlango, mahali ambapo hata nguvu kidogo inafanya kazi kubwa, akasukuma. Mzee alipiga kelele, "Siwatu, acha!" lakini mikono yake haikuweza kuacha kuvuta. Kona ikatoka mchangani. Mlango mzima, mbao ishirini na tisa, ukazunguka kama jahazi la nchi kavu, watu wakaruka kushoto na kulia, mpaka ukagonga nguzo ya kisima na kutulia. Ulikuwa wazi kabisa. Haikuwahi kutokea tangu alipokuwa kijana.

Kamati ilikaa palepale, chini. Haikuchukua hata dakika kumi, jambo ambalo halijapata kusikika. Mwenyekiti akasimama: msaada ni nia, na bibi huyu ametamka mbele ya mashahidi kwamba nia yake ilikuwa kisima. Kwa hiyo kisheria mlango umefunguliwa na mgombea. Imebaki aulizwe swali la desturi, ajibu, kiti ni chake.

Mjaka akauliza: "Mheshimiwa Pandu Kirumbizi, umeufungua peke yako?"

Lakini mzee hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama upande wa ndani wa mlango, ambao sasa ulipigwa na jua. Desturi yao ni kwamba kiapo cha kwanza cha kiongozi kinachongwa upande wa ndani, ili mwenyewe akione kila anapotoka. Yeye kwa miaka sita alikuwa hatoki pale. Herufi zilikuwa changa, za mchongaji mwingine aliyekwisha kufa, zimeingiwa na masizi ya jiko. Zilisema: VIPINDI VIWILI, KISHA NARUDI DUKANI.

Watu wa mbele wakasoma, wakawanong'oneza wa nyuma. Nilisubiri kicheko. Mtaani kwetu kicheko kingekuja. Hapakuja kitu. Kila mtu alikuwa akimtazama yeye.

Alisoma mara ya pili, midomo ikicheza. Kisha akavaa koti lake. Akafunga vifungo vyote, cha juu mpaka cha chini.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini, Mheshimiwa?"

"Sikufungua peke yangu. Nimefunguliwa na jirani yangu. Andika hivyo."

"Lakini kamati imekwisha..."

"Kamati haina bega, Mjaka. Mimi nililihisi bega. Nimesema hapana mambo mengi maishani mwangu, na nyingine labda ningezitafakari zaidi. Hii ni ya mwisho na sina shaka nayo. Kiti mpe Zubeiri. Naye mwambieni atafute mbao."

Wallahi, watu walishangilia mpaka kuku wa Bi. Siwatu wakapanda ukuta. Walishangilia waliompenda na waliomtukana miaka thelathini na sita. Bi. Siwatu hakushangilia, alikuwa anajifuta macho kwa pindo la khanga na kusema vumbi, vumbi la mvule lina ukali.

Nyuma ya mlango, palipokuwa peusi miaka sita, palikuwa na ukumbi mkubwa, mkeka umetandikwa, masinia saba yanafuka moshi, na Bi. Mwanamvua amesimama katikati, mikono kiunoni, anahesabu watu kwa furaha.

Mzee akanigeukia mimi. "Mgeni, karibu ndani."

Nilipoinua mguu, Mjaka akaninyooshea patasi. "Cheti."

"Sina."

"Ubao wa kumi na nane, mgeni asile ndani bila..."

"Mjaka," alisema mzee. Alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti na sasa alisimama upande wa pili wake, mwenye nyumba, muuza chumvi na misumari. "Nisomee mstari wa saba."

Karani alitazama mlango. Hakuhitaji kusoma. Akatazama ncha za viatu vyake, ambazo zilikuwa zimegusa kizingiti, akarudi nyuma hatua moja. Nikapita. Nilivua viatu, nikakanyaga ule mkeka, na siwezi kuwaeleza jinsi ulivyokuwa laini.

"Na wewe," mzee alimwita Bi. Siwatu, "unangoja upigiwe ngoma?"

"Mimi nakwenda kisimani. Nilisema mbele ya mashahidi."

"Kisima hakiondoki."

"Mkeka huu umesukwa vibaya," alisema Bi. Siwatu, akiingia. "Nani kakusukieni? Nitawasukia mwingine."

Mtaa wote ukafuata, mabega kwa mabega, na Bwana Zubeiri katikati yao, ameshika tambara lake bila kujua. Nje alibaki mtu mmoja. Mjaka alisimama juani, mrefu, patasi mkononi, mtumishi wa serikali mbele ya kizingiti asichoruhusiwa kukivuka. Harufu ilikuwa ikimpiga usoni.

Bi. Mwanamvua alikuwa amejaza sahani mbili. Akamwona. Akatazama mlango, akamtazama mumewe, mumewe akageuza uso kama mtu asiyesikia.

"Mjaka, mwanangu," aliita, "hiyo patasi iweke hapo chini, ndiyo serikali. Wewe vua viatu uingie, ule."